Koo haliponi na dawa nimemaliza zote, nifanyeje dokta?

Shikamoo dokta,

Naomba msaada wako maana nimechoka, yaani nimechoka hasa na hili koo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, sivuti sigara, sinywi pombe, na shida yangu kubwa ni tonsesi. Zilianza mwaka jana, mwanzoni zilikuwa za kawaida tu, mafua kidogo, koo linawasha, mwili unauma, nikaenda duka la dawa wakanipa amoksilini nikameza, baada ya siku chache nikawa mzima. Zikarudi, nikameza tena, nikapona. Ziliporudi tena wakaniambia mwili umeshaizoea hiyo dawa nibadilishe, wakanipa azithromaisini, nayo ikanisaidia. Sasa hizi za safari hii ndo zimenishinda.

Hizi haziji na mafua wala homa. Naamka asubuhi koo limekauka na linachoma, sauti imekwaruza, mdomoni kuna uchachu, nakaa nakohoakohoa kusafisha koo lakini hakuna kinachotoka, alafu kuna kitu nahisi kimeganda hapa katikati, nikimeza mate nakisikia ila nikila chakula sikisikii. Ikifika mchana napata nafuu lakini nikishafundisha vipindi vya mwisho sauti inakata kabisa. Imeshapita zaidi ya mwezi. Na nimejitahidi dokta usinione nimekaa tu, nimekunywa antibaiotiki ya doksi, diklofenaki ya maumivu nameza kila asubuhi kabla ya kutoka maana bila hiyo siwezi kufundisha, usiku nakunywa maji ya moto ya limao na tangawizi ndo nalala, pipi za minti haziishi mfukoni, na darasani siku hizi nanong'ona tu ili nisiumize koo. Nikijimulika na tochi ya simu kwenye kioo naziona tonsesi ziko pale na zina vishimo, kuna siku nilitoa kitu cheupe kigumu kinanuka vibaya sana, nikajua tu huu ni usaha umekaa humo.

Sijui kama inahusiana lakini kazi zimekuwa nyingi, nasahihisha madaftari mpaka usiku mwingi, nashindia kahawa, nikija kula ni saa ya kulala, nikimaliza najitupa kitandani hapo hapo.

Rafiki yangu kaniambia nikakatwe tonsesi niachane nazo. Mwingine kaniambia sauti ikikwaruza muda mrefu ni kansa ya koo, hapo ndo hata huo usingizi kidogo umeondoka. Naomba unitajie antibaiotiki kali kuliko hizo nilizotumia, hata ikiwa ya sindano sawa, na uniambie nikatwe au nisikatwe.

Pia mwanangu wa miaka 8 nadhani nimemwambukiza, tangu juzi ana homa kali na koo linamuuma, hana mafua wala kikohozi ila shingo imevimba chini ya taya ukimgusa analia, hataki kula. Nimempa kapsuli zangu zilizobaki, anaendelea vizuri kidogo.

Mwalimu aliyekaukiwa sauti


JIBU

Marahaba mwalimu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma yote ila naomba nianzie mwisho. Umeniandikia aya na aya kuhusu koo lako, la mtoto ukalipa mistari miwili, na hiyo mistari miwili ndo imenifanya nikujibu haraka. Kati yenu wawili anayetakiwa kupimwa leo ni yeye. Tena angalia ilivyokaa: ambaye huenda anaihitaji antibaiotiki kapewa mabaki, na ambaye haihitaji ndo kamaliza dozi zote.

Koo likivimba na kuuma, iwe kwa mkubwa au kwa mtoto, mara nyingi ni virusi, hivi hivi vya mafua, na virusi havijali antibaiotiki hata umeze ya aina gani. Bakteria tunayemwogopa zaidi anaitwa streptokokasi kundi A, na huyu anawapenda zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Katika watoto 100 wanaokuja na koo, kama 20 hadi 30 wanakuwa naye, kwa watu wazima ni 5 hadi 15 tu. Mwaka 1981 daktari wa Marekani anaitwa Robert Centor na wenzake walipanga alama nne ambazo mpaka leo tunazitumia: homa, tonsesi zenye usaha au madoa meupe, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na zinauma ukizigusa, na kutokuwa na kikohozi. Baadaye ikaongezwa habari ya umri, mtoto wa miaka 3 hadi 14 anapewa alama moja ya ziada. Sasa hesabu mwenyewe, mwanao kwa maelezo yako ana homa, ana tezi, hana kikohozi, na umri unamwongezea, yaani hapo hata mdomo sijamfungua. Ila hata wenye alama zote nne za Centor ni kama nusu tu ndo wanakutwa na huyo bakteria, ndo maana inatakiwa kupima na sio kubahatisha.

Kipimo chenyewe ni kijiti chenye pamba kinapitishwa kwenye tonsesi na nyuma ya koo, mtoto atataka kutapika sekunde mbili tatu basi imeisha. Kuna cha haraka kinachotoa majibu ndani ya dakika chache, na kuna cha kuotesha maabara ambacho kinachukua siku moja hadi mbili. Pasipo na kipimo daktari ataamua kwa kumwangalia. Nenda na pakiti ya zile kapsuli, sema kameza ngapi na lini, usione aibu hata kidogo, kwasababu dawa ya nusu nusu inaweza kumficha bakteria kipimo kikasema hayupo kumbe yupo.

Utaniuliza mbona namhangaikia hivi wakati umesema anaendelea vizuri. Maumivu ya koo hata kama ni huyu bakteria yangeisha yenyewe ndani ya wiki, antibaiotiki inayafupisha kwa chini ya siku moja tu kwa wastani, kwahiyo kama ingekuwa ni maumivu tu nisingekusumbua. Ninachokiogopa kinakuja baadaye. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, kwa watoto wachache, kinga ya mwili iliyokuwa inapambana na bakteria inageuka inashambulia viungo na moyo, magoti na vifundo vinavimba kwa kuhama hama, leo hapa kesho pale, na vali za moyo zinaweza kubaki na makovu ya maisha. Inaitwa homa ya baridi yabisi, na wapo watu wengi wanapasuliwa moyo wakiwa vijana kwa ajili ya koo waliloumwa utotoni ambalo hata hawalikumbuki. Habari njema ni kwamba dozi kamili ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma inazuia hilo kwa kiasi kikubwa, na wewe umesema juzi, kwahiyo muda unao. Akikutwa nayo atapewa penisilini au amoksilini ya siku 10 kwa kipimo cha uzito wake, au sindano moja ya benzathini penisilini. Siku 10 ni siku 10 mwalimu, homa itashuka mapema na yeye ataanza kukimbia kimbia, wewe endelea kumpa mpaka iishe. Kama alishawahi kutokwa na vipele au kuvimba baada ya penisilini sema, zipo nyingine.

Wakati mnasubiri mpe parasetamo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Aspirini usimpe, hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 16 kwa sababu inaweza kuharibu ini na ubongo mtoto akiwa na virusi, na diklofenaki yako usimgusishe. Chakula asipotaka usigombane naye, gombania vinywaji, kidogo kidogo mara nyingi, na vya baridi ruksa kabisa, aiskrimu pia, hiyo imani kwamba baridi inaongeza ugonjwa wa koo haina ukweli na baridi inapunguza maumivu vizuri tu. Shule atarudi akiwa ametimiza saa 24 tangu aanze antibaiotiki na homa hana. Wiki chache zinazofuata mwangalie: viungo vikivimba, akianza kurusha mikono bila kutaka, uso ukivimba asubuhi au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, mrudishe.

Na usiku huu huu usisubiri asubuhi ukiona anadondosha mate kwasababu hawezi kuyameza, anavuta pumzi kwa shida au kwa sauti, hawezi kufungua mdomo, au anaongea kama ana chakula cha moto mdomoni na uvimbe uko upande mmoja. Hilo la mwisho linaweza kuwa jipu pembeni ya tonsesi, linatakiwa kutobolewa hospitali, vidonge peke yake havitoshi.

Haya, sasa tuje kwako.

Zile za mwaka jana za mafua na mwili kuuma zilikuwa virusi karibu kwa uhakika, mafua yenyewe ndo yanasema. Ulimeza amoksilini ukapona baada ya siku chache, na usingemeza ungepona baada ya siku chache vile vile, koo la virusi linachukua siku 3 hadi 7 linaondoka. Dawa ikapewa sifa isizostahili. Na hilo la kuambiwa mwili umeizoea dawa sio sahihi, mwili wako hauzoei antibaiotiki, wanaozoea ni bakteria. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipotoa hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 alitunga mfano wa bwana mmoja ambaye koo linamuuma, ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo, haitoshi kuwaua streptokokasi ila inatosha kuwafundisha kuhimili, anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anapewa penisilini haifanyi kazi, anakufa. Ona sasa, katika magonjwa yote duniani mzee alichagua koo. Kilichochekesha kidogo ni kwamba streptokokasi kundi A mwenyewe mpaka leo hajathibitika kuwa sugu kwa penisilini, lakini azithromaisini sehemu nyingi ameshaanza kuishinda, na bakteria wengine wanaoishi tumboni na kwenye mkojo wao wanajifunza kila dozi unayomeza bure. Kwahiyo hiyo antibaiotiki kali unayoiomba sikutajii. Nakuomba usinune.

(Kwa wengine mnaosoma, mtu anayemeza kabimazoli kwa ajili ya tezi ya shingo, au aliye kwenye tibakemia (dawa za kansa), koo likianza kuuma na homa juu, hayo yote ya kusubiri wiki hayakuhusu. Hizo dawa zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu ghafla, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo.)

Hizi za sasa ni habari nyingine kabisa. Hakuna homa, hakuna mafua, inazidi asubuhi, uchachu mdomoni, sauti inakwaruza, unasafisha koo hakitoki kitu, na kitu kimeganda ambacho unakisikia ukimeza mate ila ukila hukisikii. Kwa barua siwezi kuapa, lakini ukiniuliza mimi nitakwambia tonsesi zako hazihusiki, hiyo inaelekea kuwa asidi ya tumbo inayopanda usiku ukiwa umelala, pamoja na sauti inayotumika kupita kiasi. Tumbo lina ngozi ya ndani inayohimili asidi, koo halina, kiasi kidogo tu kikifika huko juu mara chache kinatosha kulichubua na kuzivimbisha nyuzi za sauti. Na wengi wenye shida hii kiungulia hawakisikii kabisa ndo maana wanahangaika na antibaiotiki miezi. Hiyo ya kula kupita vizuri huku mate yakikwama inanipa moyo, uvimbe wa kweli kwa kawaida unasumbua chakula kigumu kwanza.

Sasa angalia matibabu yako moja moja, hapa ndo niliposhika kichwa. Diklofenaki kila asubuhi, na nahisi ni tumbo tupu, inachubua tumbo na inaweza kuleta vidonda. Doksi ni maarufu kwa kuunguza umio, yaani mrija unaopitisha chakula kwenda tumboni, ikimezwa na maji kidogo au ukalala mara baada ya kumeza. Limao ni asidi juu ya koo lililochubuka, tena dakika chache kabla ya kulala. Minti inalegeza ule msuli unaofunga kati ya tumbo na umio, kwahiyo kila pipi inaifungulia asidi njia, na ule ubaridi wake unakudanganya kwamba koo limepoa. Kunong'ona kunazikaza nyuzi za sauti na kwa watu wengi kunazichosha kuliko kuongea kawaida kwa sauti ya chini. Kahawa kutwa nzima, kula usiku, kujitupa kitandani. Yaani mwalimu, karibu kila ulichofanya kwa nia ya kutibu kilikuwa kinalilisha tatizo, na sio uzembe wako, nani angekwambia.

Kwahiyo anza kwa kuacha. Diklofenaki acha leo, maumivu tumia parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6 ukihitaji, visizidi 8 kwa saa 24, na kama una shida ya ini ongea na daktari kwanza. Ukiwahi kuona choo cheusi kama lami au tumbo linauma sana ni dharura, nenda hospitali. Limao na minti pumzisha. Kahawa punguza, sikwambii ufe, kikombe cha asubuhi baki nacho. Kula kwako kusogee, kati ya tonge la mwisho na kulala ziwepo saa 3, hata ikibidi ule kwanza ndo usahihishe madaftari, hilo ndo naliona litakusaidia kuliko mengine yote humu. Kitanda kiinue upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, weka mbao au matofali chini ya miguu ya kitanda, sio kurundika mito maana mito inakukunja tumbo na kulibana zaidi. Kulalia ubavu wa kushoto nako kunasaidia.

Najua utaniuliza kuhusu omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maana kila mtu anaijua. Kwa mwenye kiungulia cha wazi inasaidia, inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi. Kwa shida za koo peke yake ushahidi ni dhaifu, kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 walichukua watu wenye koo sumbufu la muda mrefu wakawapa lansoprazole, dawa ya ukoo huo huo, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa, mwisho hakukuwa na tofauti ya maana. Ndo maana nakuanzishia kitanda na saa ya kula, dawa aamue daktari atakayekuona ana kwa ana. Na uwe na subira, koo lililochubuka kwa wiki nyingi linahitaji wiki nyingi kurudi.

Kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, fanya hata mara kadhaa kwa siku, haliponyi ila linapunguza maumivu na halina madhara. Asali nayo kijiko kimoja inalainisha, mradi usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, anaweza kupata sumu ya botulizimu.

Sauti yako ndo kitendea kazi chako kwahiyo nayo ipangie utaratibu. Darasani ongea kawaida, usinong'one, usipaze. Ukitaka watoto wanyamaze piga makofi au gonga meza, usishindane nao, watoto arobaini hutawaweza. Wape kazi ya kuandika katikati ya kipindi ili unyamaze dakika kumi. Chupa ya maji iwe mezani, kunywa funda moja moja kutwa nzima. Na ile tabia ya kukohoakohoa kusafisha koo, kila ukifanya hivyo nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu na kuvimba tena, alafu uvimbe unakufanya utake kusafisha tena, ukisikia hamu meza mate au kunywa funda la maji, siku za kwanza utateseka kidogo.

Kuhusu kansa sitakudanganya kwa kukwambia haiwezekani, lakini kwa miaka 38, hujawahi kuvuta wala kunywa, sauti inapata nafuu mchana na kuzidi ukifundisha, sio kitu cha kwanza ninachokifikiria. Ila kanuni ipo na haiangalii umri wala tabia: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3 au 4 nyuzi za sauti zinatakiwa kuangaliwa kwa macho. Wewe umeshavuka, kwahiyo omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Anapitisha kamera nyembamba puani, dakika chache, hupigwi hata usingizi, anaziona nyuzi zinavyotembea. Kwa walimu kitu kinachokutwa mara nyingi ni vinundu vidogo kwenye nyuzi hizo, na vingi vinaisha kwa mazoezi ya sauti bila kisu. Usingoje miadi ya mbali ukiona damu kwenye mate, maumivu ya upande mmoja yanayopanda sikioni na hayaondoki, uvimbe shingoni usioisha, chakula kuanza kukwama au kupungua uzito bila sababu.

Tonsesi zenyewe kukatwa, hapana, kwa hayo uliyonieleza hapana. Madaktari wanaangalia idadi ya maambukizi ya kweli yaliyoandikwa kwenye faili, 7 ndani ya mwaka mmoja, au 5 kwa mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au 3 kwa mwaka kwa miaka 3 mfululizo, na hata hapo wanajadiliana na mgonjwa kwanza kwasababu kwa mtu mzima ile operesheni ina maumivu ya wiki mbili na hatari ya kutoka damu. Mafua yenye koo hayahesabiwi humo. Na ukikatwa leo kwa tatizo hili la asidi, kesho kutwa utaamka na koo lile lile, bila tonsesi.

Vile vishimo ulivyoviona kwa tochi kila mtu anavyo, ndo zilivyoumbwa. Kile cheupe kinachonuka sio usaha, ni vijiwe vya tonsesi, mabaki ya chakula na seli zilizokufa na bakteria vinajikusanya kwenye hivyo vishimo vinakuwa vigumu. Vinanuka kweli lakini havina hatari, sukutua maji kwa nguvu kila ukimaliza kula vitatoka vyenyewe, na usivichokonoe kwa kijiti wala kwa mfuniko wa kalamu maana tonsesi ina damu nyingi.